Je, Wajua? Trekta lililopalilia mbele ya macho ya dereva

Je, wajua kuwa kwenye matrekta mengi ya zamani ya Marekani majembe ya palizi hayakufungwa nyuma, bali mbele ya dereva?

Mwaka 1924 kampuni ya International Harvester ilianza kuuza Farmall, trekta la kulima na pia kupalilia mazao ya mistari kama mahindi na pamba. Magurudumu yake ya mbele yalibanana, yakipita katikati ya mistari miwili.

Mwaka 1939 likaja Farmall A, trekta dogo lenye magurudumu ya mbele yaliyotanuka. Lilipita juu ya mstari mmoja: gurudumu kushoto, gurudumu kulia, miche ikipita chini ya tumbo lake. Injini ilisogezwa kushoto, kiti na usukani vikawekwa kulia, hivyo dereva akiinamisha macho aliona mche na ncha za majembe zikichimbua magugu kando yake.

Faida ya majembe kuwa mbele ni kubwa. Jembe la nyuma humlazimu dereva kugeuza shingo, na kosa huonekana mche ukiwa umeshang'oka. La mbele huitikia usukani papo hapo.

Ukibahatika kuendesha trekta la namna hii, pima kwanza nafasi ya mistari, kisha uilinganishe na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma. Na palilia mapema: gugu changa hung'oka kwa urahisi, lililokomaa hushindana na jembe.