Mimba Inayozunguka Mji

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo aliye kwenye mafunzo ya vitendo kule Kibwezi ameniandikia kwa uchungu. Alimpima punda wa mzee mmoja kwa altrasaundi, siku ya 12 baada ya yai kupevuka kwa hesabu yake, akaona kiini cha mimba katika pembe ya kushoto: duara jeusi, safi kama gololi. Akamwonyesha mwenye punda. Kesho yake akarudi, duara liko kulia. Mzee akacheka mpaka akaketi. "Daktari, ing'oi wangu ana mapacha, au ni macho yako yaliyo mapacha?" Mwanafunzi anauliza alikosea wapi.

Hakukosea. Ameona jambo ambalo mimi nikilifikiria usiku hupotewa na usingizi, na kwa ajili yake nitaruka mengine yote. Nitaruka homoni za kichwani; zimejaa vitabuni. Nitaruka pia dalili za punda jike aliye kwenye joto, maana yeyote aliyewahi kuchota maji kwenye visima vya mchangani vya Kitui amezishuhudia: masikio yamelala nyuma, shingo imenyooka, mdomo unafunguka na kufumba kana kwamba anatafuna hewa, mate yanadondoka. Joto hurudi kila baada ya siku 24 hivi, mimba ni miezi 12, mtoto ni mmoja. Tusonge.

Twende kwanza kwenye lango. Kwa ng'ombe, yai hushuka kutoka kwenye mrija hadi mji wa mimba, liwe limerutubishwa au la. Kwa farasi na punda, lango hilo lina bawabu. Yai lisiloonja mbegu ya dume huzuiwa mrijani, likachakaa humo kwa miezi. Lililorutubishwa, likifika siku ya 5, hutoa kemikali iitwayo prostaglandini E2, misuli ya mrija inalegea, nalo linapita. Yaani limekuja na ufunguo wake.

Likishaingia, linakuta mji. Nalipenda jina hili, mji wa mimba, kuliko "mfuko wa uzazi" wa kwenye mabango ya zahanati, kwa sababu mfuko hauna mitaa. Mji wa mimba wa punda unayo: pembe mbili ndefu zinazokutana kwenye uwanja mmoja. Kuanzia siku ya 9 au 10 hadi ya 16, kiini huuzunguka mji huo mchana na usiku, kikitoka pembe hii hadi ile zaidi ya mara kumi kwa siku. Kinaanza safari kikiwa na milimita chache na kuimaliza kikiwa kimepita sentimita 2. Miguu hakina. Kinachofanya ni kuzichokoza kuta zinywee, nazo zikinywea zinakisukuma mbele. O. J. Ginther wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alilionyesha jambo hili kwa farasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale altrasaundi ilipoanza kutumiwa kwa majike. Kabla ya hapo madaktari walipapasa tu kwa mkono, na mkono haukioni kitu kinachohama.

Lakini kwa nini kihangaike hivyo? Tuikumbuke sensa ya Kenya ya Agosti 2019. Karani alitembea nyumba hadi nyumba, sisi tukamsubiri na chai. Ndani ya punda mambo yamegeuzwa: nyumba zimetulia, na anayetaka kuhesabiwa ndiye anayezunguka kupiga hodi. Kila kipande cha ukuta ni nyumba yenye barua iliyoandikwa tayari. Barua hiyo ni prostaglandini nyingine, F2 alfa, na inasema: hapa hakuja mgeni, zimeni jiko. Jiko lenyewe liko kwenye ovari. Ni gimba la njano linalobaki pale yai lilipochomoka, na kazi yake ni kupika projesteroni, chakula cha kila mimba changa. Kwenye siku ya 14 hivi, nyumba ambazo hazijapigiwa hodi zinaanza kupeleka barua. Jiko likizimika, punda anarudi kwenye joto, na mgeni anatupwa nje ilhali alikuwa mjini muda wote, ila mtaa wa pili.

Kuna watafiti waliojaribu kumfungia mgeni huyu mtaa mmoja. Waliifunga pembe kwa uzi, kiini kikabaki upande mmoja kikiwa hai na chenye afya. Mimba zikaharibika. Mtaa usiotembelewa ulituma barua.

Mwanafunzi atauliza: mbona ng'ombe hahitaji haya yote? Kwa ng'ombe, barua hupita uani. Inatoka kwenye mshipa wa mji na kupenya moja kwa moja hadi mshipa wa ovari ya upande uleule. Mgeni akiunyamazisha mtaa ulio karibu na jiko, yamekwisha. Kwa farasi na punda barua hupitia barabara kuu, yaani mzunguko wa damu wa mwili mzima, kwa hiyo mtaa wowote unaweza kuleta balaa. Tena kiini cha ng'ombe hujinyoosha kama uzi, na cha nguruwe hufikia hata mita moja, kikagusa nyumba nyingi bila kuondoka mahali pake. Cha farasi kimevaa gamba gumu lililokibana kikabaki mpira, na mpira hugusa pale ulipo tu. Basi utembee.

Kinachosemwa mlangoni ndicho kichekesho. Neno analotamka mgeni wa ng'ombe linajulikana, ni interferoni tau. La farasi halijapatikana, miaka 40 ya kusikiliza mlangoni. Watu wa farasi wa mashindano waligundua kwamba hata gololi ya kioo ikiwekwa ndani ya jike asiye na mimba, baadhi ya majike hukawia kurudi kwenye joto. Msijaribu.

Sasa, tukiite nini kiini hiki? Kamusi zinatupa "kiinitete". Ni neno zuri, ila tete ni kitu laini kisichokomaa, kama mahindi ya maziwa, na huyu ana gamba. Nilifikiria "kiini zururaji" nikalikataa, kwa kuwa mzururaji ni mtu anayekamatwa na askari usiku kwa kutokuwa na shughuli, na huyu shughuli anayo kuliko sote. Rafiki yangu mhariri alipendekeza "kiini hamaji". Lakini mhamaji huondoka na mifugo yake asirudi mpaka msimu ugeuke. Nikamkumbuka mama wa soko la mjini Wote anayetembeza ndizi: anapita, anaita, anarudi mtaa uleule saa sita. Kiini tembezi. Nalitetea mpaka nipate lililo bora.

Kwa mwanafunzi wetu, maana yake ni kwamba mji upimwe wote, ncha ya pembe hadi ncha ya pembe, kila mara. Mapacha wakionekana, kiini kimoja kiminywe kabla ya siku ya 16, kingali kikitembea mbali na mwenzake. Wakishatua pamoja kazi inakuwa ngumu, na kuwaacha wote wawili mara nyingi ni kuwapoteza wote. Nyingi ya hesabu hizi zilifanywa kwa farasi. Punda ni ndugu yake.

Na mimba moja ya punda si jambo dogo tena. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, machinjio yalifunguliwa Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos, ngozi zikaenda China kuchemshwa ziwe ejiao, dawa ya asili ya Kichina. Serikali iliyapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikayaruhusu Mei 2021, Umoja wa Afrika ukakataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 mnamo Februari 2024. Mnyama anayebeba miezi 12 hawezi kushindana na kisu.

Nilisema nitaruka mengine yote, ila Makueni, kaunti ya Kibwezi, ina mgeni wake. Mwaka 2019 pundamilia mmoja jike alitoka Tsavo Mashariki akajichanganya na ng'ombe wa mama mmoja jirani ya mbuga. Mei mwaka huo akahamishiwa Chyulu, na mapema 2020 walinzi wa Sheldrick Wildlife Trust wakamwona na mtoto wa kahawia mwenye milia miguuni tu. Baba ni punda. Mama kromosomu 44, baba 62, mtoto 53, namba isiyogawanyika kwa mbili, hivyo hatarajiwi kuzaa. Pundamilia naye hubeba mimba miezi 12 au zaidi kidogo. Hesabu nyuma: siku alipopakiwa kwenye lori, kiini tembezi kilikuwa kimeshapiga hodi kila mlango, kimetua, na jiko linawaka.