Fahamu: Jeli ya kuchua maumivu inafanya nini hasa?

Kuchuma pamba ni kuinama kutwa, na mkoa wa Simiyu ndio kinara wa zao hilo nchini Tanzania. Si ajabu basi mtu wa Bariadi, mkoani humo, kupita duka la dawa muhimu kuulizia "dawa ya kuchua".

Lakini dawa hizo si aina moja. Yenye mentoli inayopoza au kuchoma huhadaa neva tu, uvimbe haiugusi. Jeli ya diklofenaki, aghalabu ya asilimia 1, hupenya ngozi na kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Inayoingia kwenye damu ni kidogo, takriban asilimia 6 ya ile ya kidonge, hivyo tumbo na figo husalimika zaidi.

Husaidia kifundo kilichoteguka, pia goti au vidole vya mzee. Kiuno? Usitarajie makubwa, chanzo kiko ndani mno. Usipake penye kidonda wala kufunga nailoni juu yake. Kuchanganya na vidonge vya diklofenaki ni kujizidishia dozi bure. Mjamzito amwulize daktari kwanza. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, nenda hospitali siku hiyohiyo.