Ndama hanyonyi? Usingoje kupambazuke

Tuseme, msomaji, umepanda matatu kutoka Nairobi kwenda Kinangop kumwona nyanya. Usiku huo huo ng'ombe wake wa gredi anazaa. Ndama yu hai, lakini amelala tu, masikio yamelegea. Nyanya ameshika taa. Nguvu za kuinua ni zako.

Ndama mwenye afya husimama kabla ya saa moja kwisha, na huwa amenyonya katika saa mbili za kwanza. Huyu wenu hajajaribu. Mpanguse ute puani na mdomoni, umtekenye tundu la pua kwa unyasi mkavu ili apige chafya, kisha umsugue kwa gunia kavu. Mwache mama naye amlambe. Baridi ya Kinangop si mzaha, na ndama aliyelowa akipoa hukosa hata nguvu ya kufyonza.

Haraka ya nini? Ni ile dang'a, maziwa mazito ya manjano ya mwanzo. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Ndama hapati; kinga yake imo katika dang'a. Tena utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za kwanza, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Ndama wa kilo 35 anahitaji lita tatu na nusu hivi, na nyingi ya hizo azipate mapema. Mtu asikwambie uimwage.

Sasa nawa mikono, osha kiwele, kamua matone machache kila chuchu ili kizibo kitoke. Mtie ndama kidole mdomoni. Akikibana, hata kidogo, kuna tumaini. Msimamishe, matako yake yaegemee mapaja yako, umshike kidevu. Usimsukume kisogo, ukisukuma, naye husukuma nyuma, mtashindana hadi alfajiri. Paka kidole maziwa, anyonye, mwongoze hadi kwenye chuchu, kisha ukichomoe polepole. Ataipoteza. Anza tena. Mkune shina la mkia, mahali ambapo mama humlamba anaponyonya. Hapa ndipo sisi watu wa mjini hushindwa, kwa kuwa tumezoea mambo ya kubonyeza na kuwaka papo hapo.

Akishindwa kusimama, kamua dang'a kwenye chupa safi yenye chuchu ya mpira. Iwe na joto la mwili. Ikipoa, itie chupa katika maji moto, usiichemshe dang'a yenyewe. Mlaze kifudifudi, si ubavu, pua imeinuka kidogo tu. Na kama hafyonzi kabisa, tafadhali usimmiminie kooni kwa nguvu. Maziwa yataingia mapafuni, na wengi hufa hivyo mikononi mwa watu wenye nia njema. Mwite daktari wa mifugo usiku huo huo. Yeye ana mpira wa kufikisha maziwa tumboni.

Mkia ukianza kutikisika na povu likatokea pembeni mwa mdomo, jua maziwa yanashuka. Mpake ayodini kitovuni, mtandikie nyasi kavu, kisha ukalale kidogo. Baada ya saa chache nyanya atakuamsha umnyonyeshe tena.