Kufinyanga Kasa na Pweza kwa Mikono
Wakazi wa kata za pwani wanaofinyanga sanamu za viumbe vya bahari wanakumbushwa kuwa kazi ya siku nyingi yaweza kupasuka motoni mara moja. Chanzo ni maji yaliyosalia ndani ya udongo: yakifika nyuzijoto 100 hugeuka mvuke na kuivunja sanamu.

Hivyo, kiwiliwili kiachwe wazi ndani, kitobolewe tundu chini, na kuta zilingane unene. Kila kiungo, pezi au mnyiri, kikwaruzwe na kupakwa uji wa udongo kabla ya kuungwa. Sanamu ikauke polepole kivulini, hadi ikiguswa shavuni isiwe na ubaridi, ndipo ichomwe.

Kasa wa udongo huuzwa bila hofu; gamba la ng'amba ni marufuku katika biashara ya kimataifa.