Kapenguria: gereza la akina Kenyatta ambalo sasa ni makumbusho

Msikilizaji, ukitoka Arusha ukavuka mpaka Namanga, ukapita Nairobi na Kitale, utafika Kapenguria, Pokot Magharibi. Ni mbali, safari ya kulala njiani. Huko kuna vyumba vya gereza walimowekwa watu sita waliokamatwa Oktoba 1952: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Tangu 1993 ni makumbusho.

Kwa nini kesi ipelekwe porini badala ya Nairobi? Serikali ya kikoloni ilitaka kuwaweka mbali na umati. Mawakili walilala Kitale na kwenda kila siku. Miongoni mwao alikuwamo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili huku kwetu Tanganyika. Ilikuwa miaka ileile Wameru walipofukuzwa Ngare Nanyuki, 1951, na Japhet Kirilo akaenda Umoja wa Mataifa kudai ardhi, 1952. Kwa hiyo wazee wetu hawakuisikia Kapenguria kama habari ya ugenini.

Shtaka lilikuwa kuongoza Mau Mau. Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu miaka 7 na kazi ngumu. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alihongwa ili aseme uongo. Badala ya kesi kufunguliwa upya, akafungwa yeye kwa kiapo hicho! Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiwa.

Ukifika, usikimbilie kupiga picha tu. Ingia chumbani, simama kidogo, upime udogo wake. Kisha muulize mwongozaji habari za baada ya uhuru, maana hapo ndipo penye uzito kwa maoni yangu. Kaggia alifungwa tena mwaka 1968. Oneko aliwekwa kizuizini 1969 hadi 1975, safari hii na serikali ya Kenyatta, mfungwa mwenzake wa zamani. Karumba alipotea mwaka 1974, hakuonekana tena.

Kuna pia sehemu ya mila za Wapokot, wafugaji kama majirani zetu Wamasai.

Kwa safari, chukua pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji. Mtanzania halipi viza kuingia Kenya. Badilisha hela mapema, na kiingilio kiulizwe mlangoni, kwani bei hubadilika.