KAZI YA MSIMAMIZI WA MTANDAO NA SEVA

Wananchi wanaofika ofisini kufuatilia cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi au kiinua mgongo hupokelewa na karani. Nyuma ya karani huyo yupo mtumishi mwingine ambaye ni nadra kuonekana, naye ni msimamizi wa mtandao na seva. Makala haya yanaeleza kazi yake na namna anavyoweza kusaidiwa.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na ndimo zinamotunzwa kumbukumbu ambazo zamani zilikaa katika majalada ya masjala. Mtandao ni nyaya na mitambo inayoziunganisha kompyuta hizo. Msimamizi hutoa na kufunga ruhusa za watumiaji, huweka marekebisho ya usalama ya programu, hukagua nafasi iliyobaki katika diski, na hutafuta chanzo pale mawasiliano yanapokatika.

Kwetu sisi wa visiwani kazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa umeme na sehemu kubwa ya mawasiliano hutufikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme kutoka Bara kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na hali hiyo ikajirudia kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Umeme ukikatika, betri ya akiba huipa seva muda mfupi tu wa kuzimwa kwa utaratibu au kusubiri jenereta. Seva inayozimika ghafla inaweza kuharibu kumbukumbu zilizokuwa zikiandikwa wakati huo.

Hata hivyo, umeme hurudi na waya hutengenezwa, bali kumbukumbu iliyopotea pasipo nakala hairudi. Kwa sababu hiyo, jukumu kubwa kuliko yote la msimamizi ni kutunza nakala za akiba na kuthibitisha kwamba zinasomeka.

Tarehe 31 Januari 2017 mtumishi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya takriban gigabaiti 300 za kumbukumbu katika seva kuu, akidhani yumo katika seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka nakala, lakini ilipozihitaji ilibainika kuwa nakala za kila siku zilikuwa zikishindikana bila ya mtu kujua. Iliokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono siku hiyo hiyo, na taarifa za muda wa takriban saa 6 zikapotea.

Aidha, tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali hapo hapo walipoteza kumbukumbu pamoja na nakala.

Kanuni inayofuatwa na wasimamizi ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwekwe nje ya jengo. Juu ya hayo, nakala irejeshwe kwa majaribio katika kompyuta nyingine, kisha ifunguliwe na kusomwa.

Kwa hiyo, wahusika wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Wakuu wa sehemu za kazi watenge muda na vifaa vya majaribio hayo, na wadai taarifa ya maandishi inayoonesha tarehe ya mwisho ambayo nakala ilirejeshwa na kusomeka.

(b) Watumishi wasiweke kumbukumbu za kazi katika kompyuta ya mezani pekee, wala wasimpe mtu yeyote neno lao la siri, hata akijitambulisha kuwa ni fundi.

(c) Wananchi wawe wastahamilivu pale huduma inaposimamishwa kwa muda ili kupisha matengenezo au majaribio.

Kumbukumbu za Serikali ni haki za watu. Mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe hana njia ya kuthibitisha madai yake iwapo jina la marehemu limefutika na nakala haisomeki.