Dakika Tisa za Kusema

Katika shule zetu nyingi za sekondari, kiranja wa darasa bado anaorodhesha wapiga kelele. Ukifungua mdomo, umeandikwa. Kisha kipindi cha Kiingereza kinafika, na tunashangaa kwa nini kidato cha kwanza wamenyamaza.

Tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 60 likizungumza na mwalimu kwa zamu, kila mmoja anaambulia sekunde 40, na hapo mwalimu mwenyewe hajasema neno. Ile salamu ya asubuhi inayoitikiwa kwa pamoja siihesabu. Hiyo ni kwaya.

Dawa ya ukimya huo haihitaji umeme. Mwaka 1983 Keith Maurice alieleza zoezi ambalo walimu wa lugha hulijua kwa namba zake, 4-3-2. Lipange darasa mistari miwili inayotazamana. Mstari wa kwanza usimulie kisa kwa dakika 4, wa pili usikilize. Wasimuliaji wasogee hatua moja, wa mwisho azunguke kuja mwanzo, kila mmoja arudie kisa kilekile kwa msikilizaji mpya kwa dakika 3. Kisha kwa mwingine, dakika 2. Muda unapungua, kisa hakipungui, kwa hiyo ulimi hauna budi kuchangamka. Baadaye wabadilishane kazi. Dakika 18 zimekwisha, na kila mtoto amesema kwa dakika 9.

Kisa chenyewe kiwe wanachokijua. Sungura na Fisi wanafaa kuliko habari za theluji, maana mtoto anayejua kisa kinaishaje hahangaiki na la kusema, anahangaika na namna ya kulisema tu. Wanaoanza kabisa wachoree picha nne ubaoni wazifuate, na kila raundi ufute moja. Msikilizaji naye apewe kazi: msimuliaji apenyeze uongo mmoja, yeye aunase.

Wewe zunguka na kipande cha karatasi, nukuu makosa, uyaandike ubaoni mwishoni bila kutaja jina la mtu. Ukimkatiza mtoto katikati ya sentensi kwa sababu ya kitenzi, huenda usimsikie tena muhula mzima.

Mara ya kwanza watachomekea Kiswahili kila mahali. Usiwaadhibu. Wiki inayofuata wape kisa kilekile tena.